Mshubiri, mkonge, mnyaa au sansevieria: kuchagua mmea wa kiangazi kwa bustani ya Nakuru, Kisumu na Kakamega

Mshubiri, mkonge, mnyaa na sansevieria ni mimea inayoweka akiba ya maji katika majani au mashina yake, na yote inaweza kuvuka Desemba, Januari na Februari bila mtu kuibebea hata mtungi mmoja wa maji. Kwa sababu hiyo, anayeilinganisha kwa kuuliza ni upi unaovumilia jua kali zaidi hapati jibu la kumsaidia kuchagua, kwa kuwa katika jambo hilo inakaribiana mno. Tofauti yenye uzito hujitokeza Aprili na Mei, wakati wa masika, ambapo mmea uliopita kiangazi bila kunyauka huanza kulainika shinani, majani yakawa ya manjano, na mwishowe ukang'oka kwa kuvutwa kwa vidole viwili. Upande huu wa nchi, mimea ya ukame huuawa na maji mara nyingi zaidi kuliko inavyouawa na kiu. Ulinganisho ufuatao umejengwa juu ya jambo hilo: unatazama kwanza udongo na mvua ya mahali, kisha watu na mifugo wanaoishi hapo, na uzuri wa mmea unakuja mwisho.

Udongo kabla ya mmea

Mji wa Nakuru uko katika mwinuko wa takriban mita 1,850, juu ya majivu na mawe mepesi yaliyotokana na volkano, Menengai ikiwa ndiyo iliyo karibu zaidi. Mvua ya mwaka ni kama milimita 950, na udongo huyapitisha maji upesi kiasi kwamba mkulima wa sukuma wiki hulalamika pale pale ambapo mpandaji wa mshubiri hufurahi. Kisumu iko chini zaidi, mita 1,131 hivi, kando ya ziwa. Usiku wake ni wa joto na mvua hufika kama milimita 1,300 kwa mwaka. Uwanda wa Kano, kutoka pembezoni mwa mji hadi Ahero na kuendelea, una udongo mweusi mzito unaovimba na kunata wakati wa mvua, kisha hupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Kakamega, yenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, ina udongo mwekundu ambao kwa sehemu kubwa hupitisha maji vizuri, lakini mvua yake hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka na miezi mikavu ni michache.

Jina la mji, hata hivyo, halitoshi kuamulia. Huko Kisumu, anayeishi kwenye mteremko wa Riat au katika miamba ya Kisian ana bustani inayofanana zaidi na ya Nakuru kuliko ya jirani yake wa Nyalenda, na mtu wa Nakuru aliyejenga bondeni, ambapo maji ya barabara huishia, ana shida ile ile ya mtu wa Kano. Kipimo cha kuaminika hakihitaji fedha: uchimbwe shimo la kina cha sentimita 30, lijazwe maji, yaachwe yazame yote, kisha lijazwe mara ya pili. Maji ya mara ya pili yakizama ndani ya saa moja au mbili, karibu kila mmea unaotajwa hapa unaweza kupandwa moja kwa moja ardhini. Yakibaki hadi kesho yake, hakuna hata mmoja utakaodumu bila tuta la kuinuliwa, na hapo mjadala wa mmea upi ni mzuri zaidi ungoje kwanza kazi ya jembe.

Sababu yenyewe ni kwamba mizizi inahitaji hewa. Mizizi ya mishubiri na jamaa zake hutambaa karibu na uso wa udongo ili idake hata mvua ya dakika chache, na ikikaa katika matope kwa siku kadhaa hukosa pumzi, hufa, na kuacha mlango wazi kwa kuvu na bakteria wa kuozesha. Mmea uliopoteza mizizi hauwezi kunywa, kwa hiyo majani yake husinyaa, na mwenye bustani akiona majani yamesinyaa huongeza maji. Tofauti kati ya kiu na uozo hugunduliwa kwa kushika: jani lenye kiu huwa jembamba na lenye mikunjo lakini bado gumu, na jani la mmea unaooza huwa laini, lenye rangi ya maji ya chai, mara nyingi na harufu mbaya chini yake.

Tuta la kufaa liwe na kimo cha sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi, lijazwe mchanganyiko wa maramu au kokoto ndogo, mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na mboji kiasi kidogo, isiyozidi robo ya mchanganyiko wote. Nakuru mawe mepesi ya volkano yanapatikana kwa urahisi na ndiyo bora kuliko vyote, kwa sababu hushika unyevu kidogo ndani yake na bado huacha hewa ipite. Kuna mazoea mawili yanayoonekana ya busara lakini huharibu kazi. La kwanza ni kumwaga karai moja au mbili za mchanga mwembamba katika udongo mweusi kwa nia ya kuulegeza. Chembe za mfinyanzi huingia kati ya chembe za mchanga na matokeo yake huwa magumu kama tofali. La pili ni kuweka tabaka la kokoto chini ya shimo au chini ya chungu. Maji hayashuki kwa hiari kutoka udongo mwembamba kuingia kokoto kubwa. Hukaa juu ya tabaka hilo mpaka udongo ushibe, na hivyo kiwango cha matope huinuliwa kuelekea mizizi badala ya kushushwa.

Joto la usiku nalo lina neno lake. Mimea mingi ya jamii hii hufunga matundu ya majani mchana ili isipoteze maji, huyafungua usiku kuvuta hewa ya kaboni, na kuihifadhi kama asidi mpaka jua lichomoze. Utaratibu huo huenda vizuri zaidi usiku unapokuwa wa baridi kuliko mchana, jambo ambalo Nakuru inalo kwa wingi na Kisumu inalo kwa uchache. Ndiyo maana mimea midogo iliyotoka nyanda za juu za Meksiko hung'aa rangi Nakuru na hurefuka ovyo, ikiwa imepauka, kando ya ziwa.

Mishubiri: wa kigeni na ya kwetu

Sokoni kila mshubiri huitwa alovera, ingawa wazee bado wana majina yao: ogaka kwa Waluo, tangaratwet kwa Wakalenjin. Aloe vera halisi asili yake ni Rasi ya Uarabuni, maua yake ni ya manjano, na huzaa machipukizi mengi pembeni mwa shina kiasi kwamba baada ya miaka michache mmea mmoja huwa kichaka. Kenya ina mishubiri yake mingi, na kwa bustani za Bonde la Ufa na magharibi miwili inastahili kuwekwa mizanini pamoja na huo wa kigeni: Aloe secundiflora na Aloe kedongensis.

Aloe secundiflora hukaa chini, bila shina la kuonekana au kwa shina fupi sana, na majani yake mapana hupangika duara linaloweza kukaribia mita moja. Ni mmea wa sehemu kavu, kama zile unazozipita ukishuka kutoka Nakuru kuelekea Mogotio na Baringo. Kwa kawaida hauzai machipukizi, kwa hiyo uupandapo mmoja utabaki mmoja, na anayetaka mingine huotesha mbegu. Tabia hiyo, inayoudhi mfanyabiashara wa miche, ndiyo inayoufanya ufae mbele ya nyumba: hauvamii njia, hauhitaji kugawanywa, na umbo lake hudumu. Aloe kedongensis, unaopatikana porini karibu na Naivasha na Nakuru, ni wa namna nyingine kabisa. Huinua mashina kupita kimo cha mtu, hutoa matawi kutoka chini, na kipande cha shina kilichokatwa na kukaushwa kivulini kwa siku kadhaa hushika mizizi bila shida. Hiyo ndiyo sifa ya ua, na kwa maoni yangu hakuna mmea wa jamii hii unaotengeneza ua mzuri zaidi wa nyumbani Nakuru kuliko huu: hauna sumu ya macho, miiba yake ya ukingoni inatosha kumzuia mbuzi bila kumjeruhi mtoto, na maua yake mekundu huwaleta ndege wadogo waitwao chozi mchana kutwa.

Ukiiweka mitatu pamoja, uamuzi unategemea unataka nini. Anayetaka ute wa kupaka ngozi iliyoungua apande Aloe vera, kwa kuwa ndio wenye majani manene ya ute mwingi, naye akumbuke kuumimina nje ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, ambao huharisha vikali na haufai kunywewa, hasa na mama mjamzito. Anayefuga kuku atasikia kwamba majani ya Aloe secundiflora hutiwa katika maji ya kuku wakati wa kideri, na ni kweli kwamba wafugaji wengi wa Nyanza na Bonde la Ufa hufanya hivyo. Lakini chanjo ya kideri ipo na ndiyo kinga ya kutegemewa. Anayetaka bustani tu, bila dawa wala ute, mishubiri ya kwetu inamfaa kuliko Aloe vera karibu katika kila hali, kwa sababu imezoea mfululizo wetu wa mvua mbili na ukavu, na maua yake yanapendeza zaidi.

Katika mvua nyingi tofauti huongezeka. Kakamega na Vihiga, Aloe vera iliyopandwa tambarare huoza mapema kwa sababu moyo wake umekaa juu ya udongo uliolowa, na Aloe kedongensis huwa na nafuu kwa kuwa kichwa chake cha majani kimeinuka. Kisumu, katika tuta lenye maramu, Aloe secundiflora huenda vizuri na joto haliudhuru. Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe ni jambo la kila mwaka, mshubiri wowote utapata makovu, na kovu la jani la mshubiri halifutiki mpaka jani hilo lizeeke na kuanguka, jambo linaloweza kuchukua miaka. Huko ni afadhali upandwe chini ya paa linalotokeza au usipandwe kabisa mahali pa kuonekana.

Lipo pia suala la sheria, ambalo wanunuzi wa kando ya barabara hawaliulizi. Uvunaji wa mishubiri ya porini ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 1986, na kanuni za mwaka 2007 zilizotolewa chini ya sheria ya wanyamapori zikafungua mlango kwa biashara inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mkataba wa CITES nao unadhibiti biashara ya mishubiri yote kuvuka mipaka ya nchi, isipokuwa Aloe vera. Mmea mkubwa unaouzwa ukiwa na mizizi iliyokatwa na udongo wa porini bado umeganda juu yake, kwa bei ya chini kuliko mche wa kitaluni, umechimbwa mahali fulani, na mara nyingi hautashika.

Sansevieria

Sansevieria, ambayo wataalamu sasa wanaihesabu ndani ya jenasi ya Dracaena, ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa Kisumu mwenye kiwanja kidogo, na sababu si uzuri wake. Mimea mingine yote katika ulinganisho huu hudai jua la kutosha, nayo inaridhika na kivuli. Kwa hiyo inaweza kukaa barazani, chini ya mwembe, au katika ule ukanda mwembamba chini ya ukingo wa paa ambako mvua haifiki, na ukanda huo ndio mahali pakavu zaidi katika kiwanja chochote cha udongo mweusi. Mmea unaoweza kufichwa mvua bila kuteseka kwa kukosa jua umekwisha kutatua nusu ya tatizo la Kisumu. Joto la usiku wa ziwani nalo linaipendeza, kwa kuwa spishi inayouzwa zaidi, ile ya majani marefu yenye mabaka, asili yake ni Afrika Magharibi.

Nakuru hali ni tofauti kidogo. Chini ya nyuzi 10 sansevieria husimama kukua na majani hupata madoa, kwa hiyo ipandwe karibu na ukuta unaotunza joto la mchana, na anayeishi Molo, ambako jalidi huanguka baadhi ya usiku, aiweke ndani ya nyumba. Mizizi yake minene husukuma na kupasua vyungu vya plastiki, jambo ambalo halina madhara isipokuwa kwa chungu. Anayetaka kuizidisha ile yenye kingo za manjano agawanye shina la chini ya ardhi. Akikata jani na kulipandikiza, miche itakayoota itakuwa ya kijani kitupu, na wapo wauzaji wanaojua hilo na wengine wasiojua.

Mkonge na agave nyingine

Mkonge asili yake ni Meksiko, uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na mashamba yake bado yanaonekana kaskazini mwa Nakuru kuelekea Mogotio. Katika ukavu hakuna unaoushinda, na kwa kugawa mipaka ya shamba kubwa linalopakana na njia ya ng'ombe ni chaguo la haki. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni chaguo baya. Kila jani huishia kwa mwiba mgumu kama sindano, uliokaa sawasawa na uso wa mtoto anayekimbia, na maji ya jani huwasha ngozi ya anayelipogoa. Baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya saba na kumi na mbili, mkonge hutoa mhimili wa maua wenye urefu wa mita kadhaa, kisha mmea mama hufa, na miche midogo inayoota juu ya mhimili huanguka kwa mamia na kuanza maisha popote ilipoangukia. Kung'oa kisiki kilichobaki ni kazi ya siku nzima kwa mtu mwenye shoka.

Anayependa umbo hilo bila hatari zake atafute Agave attenuata, ambayo majani yake hayana miiba, hustahimili kivuli kidogo na huonekana vizuri Nakuru. Haipendi jalidi, na kama agave zote inaweza kushambuliwa na fukusi wa mkonge, anayetaga mayai katika moyo wa mmea. Dalili ya kwanza huwa ni mmea mzima kulegea na kuinama ingawa udongo si mkavu wala haujajaa maji. Ukifika hapo, ung'olewe na kuchomwa.

Mnyaa na yuforbia nyingine

Mnyaa unaijua kazi yake ya ua kuliko mmea mwingine wowote wa magharibi. Maboma ya Waluo yalizungushwa ojuok tangu zamani, na sababu zake ni dhahiri: kipande cha tawi huchomekwa ardhini na huota, mbuzi na ng'ombe hawaugusi, hauhitaji maji, hukua haraka, na hugharimu ruhusa ya jirani tu ya kukata vipandikizi. Kwa bei na wepesi, mnyaa unawashinda wote waliotajwa hapo juu. Pia unavumilia udongo mbaya kuliko mshubiri, ingawa nao katika maji yaliyosimama huoza.

Kinachoupunguzia alama ni utomvu wake. Tone moja likiingia jichoni huleta maumivu makali na uvimbe wa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa. Huduma ya kwanza ni kumwagia jicho maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi na kwenda hospitalini bila kungoja. Ajali hizi hutokea hasa siku ya kupogoa ua, kwa hiyo miwani ya kazi na glavu ni sehemu ya gharama ya ua huu, japo wachache huzihesabu. Kuna pia jambo zito zaidi linalohusu ukanda wa ziwa. Saratani ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda hupatikana kwa wingi katika maeneo ya malaria, yakiwemo ya magharibi mwa Kenya. Visababishi vinavyotajwa kwanza ni malaria na virusi vya Epstein-Barr, lakini utomvu wa mnyaa umechunguzwa kwa muda mrefu kwa kuwa katika maabara umeonyesha uwezo wa kuviamsha virusi hivyo. Hilo halimaanishi kwamba kila boma lenye ua wa mnyaa limo hatarini, na sioni sababu ya kung'oa ua wa babu kwa hofu. Linatosha, kwa maoni yangu, kumfanya anayeanza upya katika nyumba yenye watoto wadogo achague kitu kingine, hasa pale watoto wanapozoea kuvunja vijiti vyake kwa mchezo ili waone maziwa yakitoka.

Yuforbia kubwa zenye umbo la kinara, zinazofanya msitu maarufu ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, ni nzuri kwa shamba lenye nafasi na hazifai karibu na nyumba: utomvu wake ni mkali vile vile, na mti ukikomaa ni mzito na matawi yake hukatika kwa upepo. Ile ndogo ya maua mekundu yenye miiba mingi, iliyotoka Madagaska, ina utomvu unaowasha pia, lakini kwa kuwa ni fupi na haihitaji kupogolewa mara kwa mara, hatari yake ni ndogo. Huchanua karibu mwaka mzima, Kisumu na Nakuru sawasawa, na kwa ukingo wa njia inayopigwa jua ni vigumu kupata cha kuishinda.

Midogo, na mingine ya kuangaliwa

Echeveria na sedum, zile zinazouzwa katika vikopo vidogo kwa ajili ya madirisha, ni za Nakuru na nyanda za juu. Zipandwe katika chungu chenye tundu chini, zisogezwe chini ya paa masika inapoanza, na zichunguzwe vidung'ata, wale wadudu weupe wa kama pamba wanaojificha katikati ya majani. Kisumu zitaishi lakini hazitapendeza, na fedha hiyo hiyo ingenunua yuforbia ya maua au waridi la jangwani, mmea wa shina nene ambao asili yake ni pamoja na nyanda kavu za Kenya yenyewe, unaopenda joto la usiku na kuchanua waridi iliyokolea. Waridi hilo lina sumu kali katika kila sehemu yake, kiasi cha kutumika zamani kwenye mishale, kwa hiyo liwe juu, mbali na mifugo na watoto.

Mwenye ng'ombe au mbuzi wanaotembea huru ana mmea mmoja katika orodha hii asiohitaji kuuhofia: Portulacaria afra, kichaka chenye majani madogo ya mviringo kutoka Afrika Kusini, ambako hata tembo hukila. Mbuzi watakipunguza, nacho kitachipuka tena. Wauzaji huuchanganya na Crassula ovata, ambayo majani yake ni makubwa zaidi na mashina ni mafupi na manene. Hiyo isiachwe mifugo waile. Hatari kubwa zaidi kwa ng'ombe ni kalanchoe, ambazo zina sumu ya moyo, hasa kwenye maua. Kalanchoe za Madagaska zinazoangusha vichipukizi vidogo kutoka kingo za majani zina kosa la pili: kila kichipukizi kinachogusa ardhi huwa mmea, na mwenye bustani hataviokota vyote.

Dungusi kakati isipandwe kama ua. Laikipia inaendelea kupambana nayo, ikiwa imefunika malisho na kujeruhi mifugo midomoni, hata ikabidi kuletwa mdudu maalumu wa kuila. Na watu wa Baringo, waliouona mti wa mathenge ukiletwa miaka ya 1980 kama mkombozi wa ardhi kavu, hawahitaji kuelezwa zaidi mmea mgumu unavyoweza kugeuka kuwa adui.

Wakati wa kununua na kupanda

Kwa yeyote aliyechagua, mche bora kitaluni si mkubwa kuliko yote. Atikise chungu kidogo: mmea wenye mizizi haulegei shinani. Atazame chini ya majani ya mwisho, ambako uozo na vidung'ata huanza, na aulize kama mche umekua chini ya wavu wa kivuli. Ukiwa umekua hivyo, usitolewe moja kwa moja kwenye jua la Februari. Uanze na jua la asubuhi peke yake kwa wiki mbili, vinginevyo majani yataungua madoa meupe au mekundu yasiyopona.

Kisumu na Kakamega wakati mzuri wa kupanda ni Juni au Julai, masika makubwa yakiwa yamepungua na udongo ungali na unyevu kidogo, ili mizizi ishike kabla ya mvua za vuli. Nakuru kuna uhuru zaidi, na hata mwanzoni mwa masika panafaa ikiwa maji huzama haraka. Mche uliokatwa mizizi ukaushwe kivulini siku tatu hadi saba kabla ya kupandwa, na umwagiliwe mara ya kwanza wiki moja baada ya kupandwa, kisha kila siku kumi au zaidi hadi majani mapya yaonekane. Baada ya hapo, katika kiangazi cha kawaida, kumwagilia mara moja kwa mwezi kunatosha kwa mishubiri na sansevieria, na mkonge na mnyaa havihitaji hata hiyo mara moja.